Gesi Isiyoonekana Inayozaa Nyota: Kutoka Anga la Kisangani hadi Galaksi za Mbali

Mji wa Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, umejengwa karibu nusu nyuzi tu kaskazini mwa Ikweta, na nafasi hiyo, ambayo vitabu vya jiografia huitaja kwa ajili ya kueleza mvua na joto, ina maana nyingine kwa mtu anayelisoma anga. Katika mzunguko wa mwaka mmoja, karibu kila nyota ya kaskazini na ya kusini huchomoza juu ya upeo wa mji huo, jambo lisilowezekana Paris wala Cape Town. Januari na Februari, mvua inapopungua, kundi la nyota la Orioni hupita karibu na utosi wa anga mapema usiku, na ifikapo katikati ya mwaka ule ukanda mweupe uitwao Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu wenyewe inayotazamwa kutoka ndani, hutanda toka upeo mmoja hadi mwingine. Ndani ya ukanda huo yamo mabaka meusi ambayo jicho huyadhani kuwa ni mapengo yasiyo na nyota. Kwa kweli ni mawingu mazito ya gesi na vumbi yanayoziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake, na humo ndimo nyota mpya zinamozaliwa.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi vilivyo kati yake, vyote vikishikwa pamoja na nguvu ya mvutano. Gesi ya mabaka yale meusi huitwa gesi ya molekuli, kwa sababu atomi zake haziishi peke yake: atomi mbili za haidrojeni hukutana juu ya chembe ya vumbi, hushikana, na kuondoka zikiwa molekuli moja. Muungano huo ni dhaifu mbele ya mionzi ya urujuanimno inayotoka kwenye nyota kubwa, kwa hiyo hudumu tu mahali ambapo vumbi na wingi wa gesi yenyewe vimejenga kinga. Huko ndani halijoto hushuka hadi nyuzi 10 au 20 juu ya sifuri halisi, sawa na takriban nyuzi 253 hadi 263 chini ya sifuri ya sentigredi, na baridi hiyo ndiyo sharti la kwanza la kuzaliwa kwa nyota. Gesi yenye joto huwa na msukumo wa kutosha kupinga uzito wake yenyewe, ilhali gesi baridi hushindwa, hujikusanya, hujibana, hata kiini chake kikapata joto la kuwasha muungano wa nyuklia, na nyota ikawa imezaliwa. Anayetaka kujua galaksi fulani itazaa nyota ngapi, na kwa muda gani, hana budi kwanza kujua ina gesi baridi kiasi gani.

Hapo ndipo ugumu wa elimu hii ulipo. Molekuli ya haidrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa mno ya gesi hiyo, haionekani ikiwa baridi. Pande zake mbili zinafanana kabisa, hivyo haina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi ambao ungeweza kutoa mawimbi ya redio molekuli inapojizungusha, na hata mionzi hafifu inayoweza kutoa huhitaji joto la mamia ya nyuzi, joto ambalo wingu la kuzaa nyota halina. Kitu kinachojenga nyota zote kiko kimya mbele ya kila darubini iliyopata kutengenezwa.

Njia ya kuuzunguka ukimya huo ilipatikana mwaka 1970, pale Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walipoielekeza darubini ya redio ya Kitt Peak, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, kwenye wingu la Orioni, lile lile linalopita juu ya Kisangani mwanzoni mwa mwaka. Walipokea mawimbi yenye urefu wa milimita 2.6, ambayo hutolewa na molekuli za kaboni monoksidi, yaani kaboni moja na oksijeni moja zilizoungana, zinapojizungusha. Molekuli hiyo ni chache mno, takriban moja kwa kila molekuli 10,000 za haidrojeni, lakini pande zake hazifanani, na inatoa mawimbi hata katika baridi kali. Ikawa ndiyo kielekezi cha gesi yote, na mpaka leo sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu gesi ya galaksi za mbali imesomwa kwa kupitia hiyo.

Mtu aliyesimama usiku kwenye ukingo wa Mto Kongo, asiweze kuyaona maji yenyewe, anaweza kuujua mkondo kwa kuangalia magugu maji yanayoelea juu yake. Atajua unaelekea wapi na kwa kasi gani, ila akitaka kujua wingi wa maji kwa kuyahesabu magugu, itambidi kwanza ajue uwiano wa magugu na maji, na uwiano huo haufanani katika kila sehemu ya mto. Ndivyo ilivyo kwa kaboni monoksidi na haidrojeni. Kielekezi kinaonyesha mahali, mwendo na mzunguko wa gesi kwa usahihi mkubwa, lakini uzito wake hukadiriwa kwa kuzidisha na namba ya ubadilishaji, na namba hiyo imekuwa kiini cha ubishi uliodumu miongo kadhaa.

Njia Nyeupe huzaa nyota kwa utulivu. Kila mwaka gesi yenye uzito wa Jua moja au mawili hugeuka kuwa nyota, na kwa mwendo huo, galaksi za aina yake zingeweza kuendelea kwa takriban miaka bilioni moja hadi mbili kabla ya kumaliza akiba zilizonazo, hata kama hakuna gesi mpya inayoingia. Zipo galaksi zenye desturi tofauti kabisa. Hizi, zinazoweza kuitwa galaksi za mfumuko wa nyota, huzaa nyota kwa kasi kubwa kiasi kwamba akiba yao ingemalizika ndani ya miaka milioni 100 au pungufu, muda ambao katika maisha ya galaksi ni mfupi sana. Mfumuko, basi, ni hali ya kupita. Galaksi huingia humo na kutoka, na swali linalowashughulisha wanaastronomia ni kitu gani huiingiza na kitu gani huitoa.

Mbili miongoni mwa zilizo karibu zaidi zimetoa sehemu kubwa ya majibu. Ya kwanza ni M82, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa, na ya pili ni NGC 253, iliyo umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 11 katika anga la kusini. (Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5.) M82 iko kaskazini mno kiasi kwamba haichomozi kamwe juu ya darubini kubwa za Chile wala za Afrika Kusini, na NGC 253 iko kusini kiasi kwamba huko Ulaya ya kaskazini huonekana chini karibu na upeo, kama inaonekana kabisa. Katika anga la Kisangani, NGC 253 hupanda zaidi ya nyuzi 60 upande wa kusini, na M82 hufika nyuzi 20 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Kwa macho matupu hakuna inayoonekana, lakini darubini ndogo ya mkononi, usiku ulio safi, inatosha kuonyesha NGC 253 kama doa jembamba la nuru hafifu.

Bara la Afrika lilichangia moja kwa moja katika kuielewa NGC 253. Darubini za H.E.S.S., zilizojengwa katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia kwa ajili ya kunasa miale ya gama yenye nishati kubwa, ziliiangalia galaksi hiyo kwa jumla ya saa 119, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa inatoa miale hiyo kutoka katikati yake. Maelezo yake yanafuata mantiki ya mfumuko wenyewe: nyota kubwa huishi muda mfupi na kufa kwa milipuko iitwayo supanova, milipuko hurusha chembe zenye kasi inayokaribia ile ya nuru, chembe hizo hugonga gesi nzito ya molekuli iliyojaa mahali pale pale nyota zilipozaliwa, na mgongano huo ndio unaotoa miale ya gama. Msongamano wa chembe hizo katikati ya NGC 253 ulikadiriwa kuwa karibu mara elfu moja ya ule ulioko katikati ya galaksi yetu.

Mwaka 2013 galaksi hiyo hiyo ilionyesha jinsi mfumuko unavyojikata wenyewe. Alberto Bolatto na wenzake, wakitumia darubini ya ALMA iliyoko Chile, waliona gesi ya molekuli ikisukumwa nje ya kitovu na upepo unaotokana na nyota kubwa na supanova. Kila mwaka gesi yenye uzito wa angalau majua matatu, na yumkini tisa, ilikuwa ikitupwa nje, kiasi kinachofikia au kuzidi kile kinachogeuzwa kuwa nyota katika muda huo huo. Galaksi, kwa maneno mengine, inapoteza kwa upepo gesi sawa na inayoitumia, au zaidi, na nyota ambazo zingezaliwa kesho zinanyimwa chakula na nyota zilizozaliwa jana.

Mifumuko ya galaksi hizi mbili ni midogo ikilinganishwa na ile ya zamani. Kwa kuwa nuru huchukua muda kusafiri, kutazama mbali ni kutazama nyuma katika historia, na vipimo vingi vinakubaliana kwamba miaka bilioni 10 iliyopita ulimwengu ulikuwa ukizaa nyota kwa kasi ya takriban mara kumi ya ile ya leo. Ishara ya kwanza ya kaboni monoksidi kutoka enzi hiyo ilipatikana mwaka 1991, pale Robert Brown na Paul Vanden Bout walipoinasa kutoka galaksi iitwayo IRAS F10214+4724. Hesabu ya kwanza iliipa gesi nyingi ajabu, kisha ikagunduliwa kwamba galaksi nyingine iliyo mbele yake hupinda na kukuza nuru yake kwa nguvu ya mvutano, jambo liitwalo lenzi ya mvutano, na makadirio yakashushwa.

Baadaye katika muongo huo, kamera iitwayo SCUBA, iliyofungwa kwenye darubini ya James Clerk Maxwell huko Hawaii, ilianza kupiga picha za anga kwa mawimbi ya chini ya milimita moja, na ikafichua kundi zima la galaksi ambazo darubini za nuru ya kawaida hazikuziona. Sababu ni vumbi. Nyota changa zilizofunikwa na vumbi hulipasha joto, na vumbi hurudisha nishati hiyo kama mionzi ya infraredi, ambayo hunyooshwa na kupanuka kwa ulimwengu hadi kufika duniani ikiwa na urefu wa karibu milimita moja. Galaksi inapokuwa mbali zaidi, nuru yake hufifia, lakini mnyoosho huo huleta sehemu angavu zaidi ya mionzi yake ndani ya upeo wa kamera, hivi kwamba mambo hayo mawili hukaribia kufutana, na galaksi ya mbali sana huonekana angavu sawa na iliyo karibu. Hii ni zawadi adimu ya maumbile kwa watafiti, na bila hiyo enzi nzima ya historia ya ulimwengu ingebaki gizani.

Kisa cha HDF 850.1 kinaonyesha vizuri thamani ya gesi ya molekuli katika utafiti huu. Mwezi Desemba 1995 darubini ya anga ya Hubble ilikikodolea macho kipande kidogo cha anga kwa siku kumi, ikatoa picha yenye galaksi kama 3,000. Mwaka 1998 SCUBA ilitazama mahali hapo hapo, na chanzo angavu kuliko vyote ilichokiona hakikuwa na alama yoyote katika picha ya Hubble. Kwa miaka 14 hakuna aliyeweza kusema kiko umbali gani. Hatimaye, mwaka 2012, Fabian Walter na wenzake walinasa mistari, yaani mawimbi yenye urefu maalumu, ya kaboni monoksidi na ya kaboni yenye chaji kutoka kwenye chanzo hicho, wakapima ni kiasi gani mawimbi yake yamenyooshwa, na ikadhihirika kwamba nuru yake ilianza safari wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban miaka bilioni 1.1 tu. Galaksi iliyofichwa na vumbi lake yenyewe ilitambulishwa na gesi yake, na ilikuwa ikizaa nyota zenye uzito wa mamia ya majua kila mwaka. Mwaka uliofuata ikatangazwa HFLS3, ya zamani zaidi, iliyokadiriwa kuzaa nyota zenye uzito wa majua 2,900 kwa mwaka. Hapo pia lenzi ya mvutano ilibainika baadaye, na namba hiyo ikashushwa hadi karibu nusu.

Kasi hizo zilizua mjadala kuhusu chanzo chake. Wengine waliiona mifumuko yote kuwa tokeo la galaksi mbili kugongana na kuungana, ambapo gesi huporomokea katikati na kubanwa ghafla, kama inavyoonekana katika galaksi ya Arp 220 iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 250. Mwaka 2010 Linda Tacconi na wenzake walileta ushahidi wa njia nyingine. Waliangalia galaksi kubwa za kawaida za enzi za kale, zisizo na dalili za kugongana, wakakuta kwamba gesi ya molekuli ilikuwa kati ya asilimia 34 na 44 ya jumla ya gesi na nyota zake, ilhali katika galaksi kubwa za leo kiasi hicho huwa chini ya asilimia 10. Galaksi za kale, basi, zilizaa nyota nyingi hasa kwa sababu zilikuwa na gesi nyingi, iliyokuwa ikimiminika kutoka nje, na migongano ilieleza zile chache zilizopita kiwango.

Katika mwaka huo huo Emanuele Daddi, na kwa upande wake Reinhard Genzel, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba galaksi zikipangwa kwa kiasi cha gesi na kasi ya kuzaa nyota hujitenga katika misafara miwili: ya kawaida, na ya mfumuko inayotumia gesi yake haraka zaidi. Hapa ndipo tahadhari inapostahili. Uzito wa gesi katika misafara hiyo ulikadiriwa kwa namba mbili tofauti za ubadilishaji: karibu 4 kwa galaksi za kawaida, na karibu 0.8 kwa zile za mfumuko, kwa hoja nzuri iliyotolewa na Dennis Downes na Philip Solomon mwaka 1998 kwamba katika galaksi zilizogongana gesi ina joto na msukosuko zaidi, hivyo kaboni monoksidi hung'aa kupita wingi wake. Tofauti ya mara tano ikiingizwa katika hesabu kabla ya kuchora, sehemu ya pengo linaloonekana katika mchoro imetokana na uamuzi wa mchoraji. Hilo halimaanishi kwamba misafara miwili haipo. Baadhi ya vipimo vya vumbi na vya kaboni ya atomi, visivyotegemea kaboni monoksidi, vinaunga mkono kuwepo kwa tofauti. Lakini ni halali kudai kwamba kila uzito wa gesi unaochapishwa utajwe pamoja na namba iliyouzaa, na msomaji asiyeiona namba hiyo asiuamini sana uzito wenyewe.

Darubini inayosoma mawimbi ya milimita haiwezi kujengwa Tshopo, na sababu yake ni ile ile inayoistawisha misitu ya Yangambi jimboni humo. Mvuke wa maji angani humeza mawimbi hayo. Katika uwanda wa Chajnantor nchini Chile, ulio kimo cha karibu mita 5,000 ndani ya jangwa la Atacama, ambako ALMA ilizinduliwa mwaka 2013 ikiwa na antena 66, mvuke wote ulioko juu ya kichwa ukigeuzwa kuwa maji hufanya kina cha milimita moja hivi; juu ya Bonde la Kongo hufanya makumi ya milimita. Ndiyo maana mpango wa kujenga darubini ya kwanza ya milimita barani Afrika, yenye sahani ya mita 15, umeelekezwa Namibia, kwenye nchi kavu na ya juu.

Mawimbi marefu zaidi, ya sentimita, hupita mawinguni bila shida, na kwayo Afrika imekwisha kutoa ugunduzi wake. Darubini ya MeerKAT, yenye antena 64 katika nyika ya Karoo nchini Afrika Kusini, ilizinduliwa mwaka 2018. Katika usiku wa kwanza wa uchunguzi uitwao LADUMA ilinasa mawimbi ya molekuli ya haidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja, yaliyokuzwa kiasili ndani ya galaksi zinazogongana kwa namna inayofanana na leza. Chanzo hicho, kilichotangazwa mwaka 2022 na kupewa jina la Nkalakatha, kutoka lugha ya Kizulu, kiko umbali wa miaka ya nuru bilioni tano hivi. Mkuzo wa namna hiyo hutokea tu pale gesi ya molekuli ilipobanwa na vumbi kupashwa joto na nyota changa, kwa hiyo chanzo kipya cha aina hiyo kwa kawaida huwa alama ya mfumuko uliosababishwa na mgongano.

Nchi nane za Afrika zimeungana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa zaidi wa darubini za redio uitwao SKA, zikiwemo Kenya na Zambia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo, na kwa nchi yenye ukubwa wake na nafasi yake juu ya Ikweta hilo ni pengo la kusikitisha. Hata hivyo, vipimo vya ALMA huwekwa wazi kwa watu wote mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa kwa aliyeviomba, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, mwenye kompyuta na mtandao wa kutegemewa, anaweza kufungua vipimo vile vile vinavyofunguliwa Leiden au Tokyo, akapima mwendo wa gesi ambayo bado haijaandikiwa makala yoyote. Kinachohitajika zaidi ni walimu wa fizikia ya anga na umeme usiokatika.

Kazi yenyewe ipo tele. Mistari mingi iliyonaswa kutoka galaksi za mbali sana ni ile ya juu, inayotolewa na gesi iliyokwisha kupata joto, wakati mstari wa chini, ule wa milimita 2.6 uliogunduliwa Orioni, ndio unaoeleza gesi baridi yote. Kwa galaksi za miaka bilioni moja ya kwanza ya ulimwengu, mstari huo hunyooshwa hadi kufikia urefu wa karibu sentimita mbili, na hapo huingia ndani ya masafa ya juu kabisa ya antena 197 za SKA zinazojengwa Karoo, MeerKAT ikiwa sehemu yake. Antena hizo zitakapokamilika, gesi ya kale zaidi itaanza kupimwa kutoka ardhi ya Afrika kwa kielekezi kile kile cha mwaka 1970, na namba ya ubadilishaji itakuwa suala la kwanza kusawazishwa.